Vitufe Kumi vya Hiltje

Hiltje Bouwstra alikuwa na vitufe kumi tu vya F, na kwa miaka ishirini na mitatu kumi vilimtosha.

Kibodi za siku hizi huvipanga juu, mstari mmoja, kumi na viwili, kama meno ya mtu aliyetoka kwa daktari. Ya Hiltje ilivipanga ubavuni, mkono wa kushoto, safu mbili za vitano vitano, kama chuchu za nguruwe jike. F11 hakikuwemo. F12 hakikuwemo. Wala kile kitufe chenye picha ya dirisha hakikuwemo, maana kibodi ile ilitengenezwa kabla mtu hajafikiria kuweka dirisha kwenye kitufe. Ilikuwa nzito kama tofali, rangi ya siagi iliyokaa sana, na Hiltje alipoichapa ilisikika hadi kituo cha basi. Waliokuwa wakingoja basi walijua kuwa leo kuna mtu anaandikiwa.

Na kuandikiwa na Hiltje halikuwa jambo dogo. Friesland ni nchi ya mitaro. Kila mwenye shamba ana mtaro wake, na kila vuli lazima auzibue, ang'oe matete, atoe tope, maji yapite kwenda kwa jirani na jirani ayapitishe mbele. Novemba mkaguzi wa ofisi ya maji anapita. Akikuta mtaro mchafu, mwenyewe anapata barua. Mkaguzi alikuwa Rients, mtu mrefu, mcheshi, anayevaa viatu vya mpira hata siku za jua, na wakulima hawakumwogopa hata chembe. Walimpa kahawa na biskuti. Waliyemwogopa ni mwandishi wa barua. Mkulima mmoja alikuja siku moja na barua yake mkononi, akaitandaza juu ya kaunta.

"Bi Hiltje, mbona hukuandika 'tafadhali'?"

"Niliandika mwaka jana," alijibu Hiltje. "Na mwaka juzi. Hizo mbili unazo bado, au ndizo zilizoziba mtaro?"

Alikuwa mjane wa miaka sitini na minne, mfupi, mgongo umenyooka kama mlingoti wa bendera, na Desemba hiyo angestaafu. Shule aliiacha mapema, kwao kulikuwa na ng'ombe wa kukamua. Kuchapa alijifunzia jikoni kwa dada yake, kwenye karatasi ngumu waliyoichora vitufe kwa kalamu ya risasi, kwa kuwa mashine yenyewe hawakuwa nayo. Miezi mitano alichapa karatasi. Siku aliyoketi mbele ya mashine ya kweli, kwenye usaili wa ofisi ya maji, aliishangaa kwa jambo moja tu: inatoa mlio.

Basi ofisi hiyo ya tawi ilikuwa na watu tisa, na desturi moja iliyozishinda sheria zote za makao makuu. Ukiondoka kitini bila kufunga skrini yako, mwenzako ana haki ya kuketi hapo na kuwaandikia wote kwa jina lako: kesho naleta oranjekoek. Na kesho unaileta, ile keki bapa ya kwao yenye sukari ya waridi juu na mchirizi wa krimu. Hakuna kukana. Aliyewahi kukana alikuwa mmoja. Alihamia tawi jingine, na huko akakuta habari zake zimeshafika, zimeketi zinamngoja.

Wenzake Hiltje walifunga skrini kwa vidole viwili: kitufe cha dirisha pamoja na L, unainuka, umemaliza. Yeye dirisha hakuwa nalo. Alishika Ctrl na Alt kwa mkono wa kushoto, Del kwa wa kulia, kisha Enter. Njia ndefu, ya kizamani, lakini inafika palepale. Ila mtu mwenye haraka huisahau njia ndefu, na Oktoba hiyo Hiltje aliisahau mara mbili. Mara ya kwanza bata bukini aliingia mapokezi. Mara ya pili Aukje, binti wa kaunta, aliita kwamba mashine ya kahawa inafurika. Mara zote mbili Hiltje alirudi akakuta ameshaahidi keki. Aliyeuandika ujumbe Hiltje alimjua, maana haukuwa na nukta, na Rients hajawahi kuweka nukta mwisho wa sentensi tangu azaliwe.

"Dada Hiltje, mwezi huu una mkono mkarimu," Rients alimwambia, akilamba krimu kidoleni.

"Kula. Wewe ukipewa ng'ombe mzima utauliza kwato ziko wapi."

Mambo yangeishia hapo kama si Durk Heeringa.

Durk alikuwa mtu wa kompyuta kutoka makao makuu, wa miaka arobaini, shati limepigwa pasi hadi ndani ya mifuko. Kila Jumatano alikuja tawini, akaketi meza ya kona. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa vitu vifanane: kompyuta zifanane, viti vifanane, na vikombe navyo ikiwezekana. Kibodi ya Hiltje ilimwasha kama upupu.

Alianza na F12. Ofisi ilikuwa imeletewa programu mpya ya barua, na barua ikikamilika unabonyeza F12, inakwenda yenyewe kwenye printa. Siku ya kuwafundisha, Durk alisimama nyuma ya kiti cha Hiltje, boksi jipya kwapani.

"Sasa, Bi Hiltje, bonyeza F12."

"Sina."

"Najua huna. Ndiyo maana nimekuletea hii. Mpya, haina kelele, ina kila kitu."

Hiltje hakuligeukia boksi. Alikuwa akitazama maneno ya juu kwenye skrini, yale ambayo wenzake huyagusa kwa kipanya. "Hii B hapa mwanzo, mbona imepigwa mstari chini?"

"Ni mambo ya zamani hayo. Hayana kazi."

Hiltje akabonyeza Alt na B. Orodha ikashuka. Ndani ya orodha kulikuwa na V iliyopigwa mstari. Akabonyeza V. Ng'ambo ya chumba printa ikakohoa, ikaanza kutoa barua.

"Njia hiyo hakuna anayeipita siku hizi," Durk alisema.

"Ndiyo maana haina msongamano."

Rients alicheka mpaka akamwaga kahawa. Durk akageuka na boksi lake, akampa Aukje, naye akalipokea kwa furaha, maana ya kwake ilikuwa imekwama herufi T. Lakini mtu apendaye vitu vifanane hachoki upesi. Jumatano iliyofuata alirudi na hoja ya keki.

"Bi Hiltje, mara mbili ndani ya mwezi mmoja skrini yako imekutwa wazi. Hayo si mambo ya keki tu. Humo mna majina ya watu, mashamba yao, mitaro yao."

"Mitaro yao inaonekana toka barabarani."

"Sababu ni kibodi. Haina kitufe cha kufungia. Ijumaa ya mwisho ya Novemba lori linakuja kuchukua vifaa vikuukuu, vikasagwe. Nimeshaiweka kwenye orodha, namba saba."

Hapo Hiltje aliweka mikono juu ya kibodi. Alikuwa na nia ambayo hakumwambia mtu: siku ya kustaafu ataomba aondoke nayo. Wengine hupewa saa, wengine baiskeli. Yeye hakutaka saa, ukutani anayo. Alitaka kibodi yake. Herufi E ilikuwa imefutika kabisa, imebaki kitufe kipara, na kwenye kitufe kirefu cha nafasi palikuwa na doa linalong'aa, pana kama gumba lake, kwa sababu ni gumba lake lililolichimba. Juma lile alilomzika Gosse, mume wake, aliandika barua mia mbili na sita, na kibodi haikumuuliza anaendeleaje. Kila mtu mwingine aliuliza. Na sasa ikasagwe pamoja na mashine za faksi.

"Tufanye hivi, mwanangu," alisema mwishowe. "Mpaka Jumatano ya mwisho kabla ya lori. Ukikuta nimeacha wazi, hata mara moja, naibeba mwenyewe mpaka kwenye lori, na dereva namwamkia."

"Na nisipokukuta bado iko kwenye orodha."

"Sijamaliza. Na nikikukuta wewe?"

Durk alicheka kwa moyo mweupe kabisa. "Mimi? Miaka kumi na moja, Bi Hiltje. Mkono wangu unafunga wenyewe. Hata siangalii."

"Hata huangalii," Hiltje alirudia, taratibu, kama mtu anayeonja supu ya jirani.

"Ukinikuta mimi, keki mbili. Na nitaandika kwa mkono wangu kwamba kibodi hiyo ni mali yako, uende nayo kwako."

"Sote tumesikia," Rients alisema kutoka mlangoni, "na mimi nimesikia kwa masikio mawili."

Ikawa vita vya Jumatano kwa Jumatano.

Jumatano ya kwanza Durk alijifungia chumba cha mkutano, akampigia Hiltje simu kwa sauti nzito, akajidai mkulima.

"Mama, nimetumbukia mtaroni, mbele ya ofisi yenu hapa. Njoo unisaidie upesi."

"Mtaro upi?"

"Huu wa mbele."

"Umezibuliwa?"

"Naona umezibuliwa."

"Basi maji hayafiki magotini. Simama, mwanangu, utembee."

Jumatano ya pili alipiga kengele ya moto, akasema ni mazoezi, ameagizwa na makao makuu. Watu wote wakatoka uani wakiwa wamekunja mikono kwa baridi. Hiltje akatoka wa mwisho, anatembea bila haraka, kibodi kwapani, waya unaburuzika nyuma kama kamba ya ndama. Durk akakimbia ndani akitweta. Skrini ilikuwa imefungwa. Akatoka tena.

"Kama ulifunga, kibodi umeibebea nini?"

"Moto hausomi orodha," Hiltje alimwambia.

Ikabaki Jumatano moja. Hiltje aliijua hesabu kama Durk alivyoijua, na alijua jambo jingine: kujilinda peke yake hakumwokoi. Angefunga skrini yake kila siku hadi Ijumaa, na Ijumaa lori lingekuja vilevile. Lazima yeye ndiye amkute Durk. Na Durk hakutiki, kwa sababu mkono wake unafunga wenyewe.

Usiku Hiltje hulala, hawazi. Aliwaza Jumanne mchana, akila mkate wake na jibini mezani. Mkono unaofunga wenyewe, aliwaza, ni kama farasi wa muuza maziwa: anasimama kila nyumba bila kuambiwa, hata nyumba ikiwa imebomolewa. Akaacha mkate. Akaenda meza ya kona, akachomoa kibodi ya pale, akaipeleka jikoni.

Asubuhi Durk alipofika alikuta meza yake ina pengo. Kibodi ilikuwa jikoni, kwenye kichanja cha vyombo, kati ya vikombe, kichwa chini, bado ina maji.

"Nani kaweka kibodi yangu kwenye vyombo?"

"Mimi," Hiltje alisema. "Ilikuwa na makombo ya keki. Keki ni zangu, makombo ni wajibu wangu."

"Umeiosha na maji?"

"Na sabuni. Yangu huiosha kila mwaka baada ya Pasaka, haijawahi kununa."

"Bi Hiltje, yako ni ya zamani. Hizi za sasa haziogi."

"Maskini. Sikujua zimelelewa hivyo."

Durk alitafuta nyingine kabatini. Ilikuwamo moja tu, chini ya mabango ya uchaguzi wa bodi ya maji, ya mwaka tisini na moja, rangi ileile ya siagi, nzito vilevile. Mdogo wa ile ya Hiltje, tumbo moja. Aliitoa kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya mfu. Kisha akaona vitufe vya F vimepangwa juu, mstari mmoja. Akavihesabu kwa kidole, kimoja kimoja, mpaka mwisho. Kumi na viwili.

"Angalau hii imekamilika," alisema, na uso ukamchangamka.

Rients alikohoa ndani ya kikombe. Hiltje alikuwa akinoa penseli.

Durk alihesabu juu. Chini hakuangalia. Na chini, upande wa kushoto, kati ya Ctrl na Alt, mahali ambapo kibodi za sasa zina kile kitufe cha dirisha, hii ilikuwa na plastiki tupu. Pengo la upana wa gumba, laini, lisilobonyezeka. Ndugu hawa wawili hawakufanana vidole, ila dirisha wote hawakuwa nalo. Hiltje aliifahamu hiyo ya kabatini. Aliitumia majuma mawili, ya kwake ilipokuwa kwa fundi.

Waya ukaingia kwenye tundu lake la duara nyuma ya kompyuta, Durk akaanza kazi. Chumba kikajaa milio.

"Sasa tuna akina Hiltje wawili," Rients alisema. "Na mimi natafuta pa kujificha."

Ilikuwa nafasi moja tu, na Hiltje alilijua hilo pia. Durk akiinuka mara ya kwanza, akirudi atakuta skrini haimwulizi neno la siri, na mchezo umekwisha. Kwa hiyo lazima ainuke kwa haraka, na akiinuka Hiltje awe karibu. Mtu kama huyo anainuliwa na nini? Si kahawa. Si simu. Anainuliwa na mlango wa jirani ulioachwa wazi.

Saa nne na nusu Hiltje aliketi vizuri, mgongo kwa ukuta, skrini yake hakuna aionaye ila yeye. Kwa utulivu kabisa akabonyeza Ctrl na Alt na Del, kisha Enter. Skrini ikafungwa. Naye akaendelea kuchapa. Alichapa barua nzima kwa mkulima asiyekuwepo kuhusu mtaro usiokuwepo, na skrini haikupokea hata herufi moja, lakini kibodi ilipiga kelele kama mvua ya mawe juu ya bati. Durk kwenye kona alisikia mtu anafanya kazi. Katikati ya neno Hiltje akaacha, akasukuma kiti, akasema, "Jamani, viazi vyangu," akatoka mbio upande wa jikoni. Mbio zake ni kama kutembea kwa watu wengine, lakini kwake zilikuwa mbio.

Hakugusa kipanya. Hakubonyeza vile vitufe vitatu. Durk aliyaona hayo yote kwa macho yake mawili. Aliinuka. Gumba lake la kushoto likaenda pale linapokwenda kila siku kwa miaka kumi na moja, kidole kikaenda kwenye L, na hakuangalia. Kwa hatua sita alikuwa mezani kwa Hiltje.

Jikoni ile ina milango miwili. Mmoja unaingilia karibu na Hiltje. Mwingine unatokea kwenye kona.

Durk alikuwa bado ameinama mbele ya skrini iliyofungwa, mkono juu ya kipanya, akijaribu kuelewa, pale kompyuta ya Aukje ilipolia kwamba kuna ujumbe. Kisha ya Rients. Kisha zote.

Aukje akausoma kwa sauti. "Kutoka kwa Durk Heeringa. 'Kesho naleta oranjekoek mbili. Kubwa.'"

"Ina nukta," Rients alisema. "Si mimi."

Durk aligeuka. Hiltje alikuwa ameketi meza ya kona, mikono imepumzika juu ya mapaja, kama mtu anayengoja kupigwa picha.

"Nilifunga," Durk alisema. "Nimefunga. Mkono wangu umefunga."

"Mkono wako umebonyeza. Njoo uone umebonyeza nini."

Alikuja. Kwenye skrini ilikuwa wazi orodha yake ya vifaa vya lori la Ijumaa. Namba saba: kibodi moja, ya Bi H. Bouwstra. Na baada ya jina lake, peke yake, imesimama kama kijiti kilichosahauliwa shambani, herufi l.

Durk aliweka gumba palepale, akabonyeza. Akabonyeza tena. Kisha akainamisha kichwa, akaangalia, mara ya kwanza siku ile.

"Hakuna kitufe," alisema.

"Hakijakuwepo tangu mwaka tisini na moja."

"Umenitega."

"Nimekutega," Hiltje alikubali. "Na yule aliyetumbukia mtaroni alikuwa anafanya nini? Anaogelea?"

Hakuna aliyecheka. Wote tisa walimtazama Durk, hata mchora ramani wao ambaye huwa hainui uso. Walikuwa wakimfikiria yule mmoja aliyewahi kukana, na Durk aliwaona wakimfikiria. Keki mtu hununua. Lakini karatasi ilikuwa nyingine: vifaa ni vya makao makuu, orodha imeshahesabiwa, na yeye ndiye mwenye kuhakikisha vitu vinafanana. Angeweza kusema ulikuwa mzaha. Masikio yake yakawa mekundu, kisha shingo.

"Ungeweza kuiandika mwenyewe," alimwambia Hiltje. "Ulikuwa umeketi kwangu. Ungeandika kwa jina langu kuwa kibodi ni yako, ukatuma makao makuu."

"Keki ni desturi, hiyo naweza kukuandikia. Kibodi ni ahadi. Ahadi mtu huiandika mwenyewe." Akainuka, akamwachia njia. "Si hapo. Mezani kwangu."

Basi Durk Heeringa aliketi kwenye kiti cha Hiltje, chenye mto wa sufu alioufuma mwenyewe. Hiltje akamfungulia skrini kwa neno lake la siri, akimkinga kwa bega kama mwanafunzi anayeficha majibu. Durk akaandika. Aliandika polepole, akiitafuta E kila mara, maana haikuwa na jina. Vitufe vilimrudishia vidole juu kwa nguvu, na baada ya mistari miwili akaacha kukunja uso. Aliandika kwamba kibodi hii, iliyoingia ofisini mwaka elfu moja mia tisa themanini na sita, imetolewa kwenye orodha na kupewa Bi Hiltje Bouwstra iwe mali yake. Akaweka tarehe. Akaweka jina. Kisha mkono wake wa kulia ukapanda juu, kutafuta F12, ukakuta hakuna kitu.

Ukakaa hapo hewani.

Hiltje alisubiri. Alikuwa amesubiri Jumatano tatu, dakika moja haikumwua.

"Ile njia," Durk alisema hatimaye, bila kugeuka. "Ile yako. Ni ipi?"

"Njia gani?"

"Ile isiyo na msongamano."

"Alt, mwanangu. Kisha B. Kisha V."

Printa ikakohoa.

Keki zilikuja kesho yake, mbili, kubwa, na Durk alikuja nazo mwenyewe ingawa ilikuwa Alhamisi. Mstari wa saba aliufuta kwa mkono wake. Ile l Hiltje aliomba iachwe, ikaachwa, ikaenda na orodha hadi makao makuu, na mpaka leo hakuna aliyeiuliza. Makao makuu hawasomi mpaka chini.

Siku ya kustaafu walimpa pia saa. Aliwashukuru. Kibodi aliipakia kwenye kikapu cha mbele cha baiskeli, kikapu kikapinda, na Aukje akatoka kumshikia usukani.

"Bi Hiltje, utaiunganisha na nini? Kwako huna kompyuta."

"Nani kasema nataka kompyuta?"

Aliiweka mezani jikoni, chini ya dirisha, mahali penye mwanga. Waya aliuzungusha vizuri, akaufunga kwa utepe. Asubuhi akishakunywa chai huchapa barua moja au mbili, za kweli kabisa, zenye tarehe na jina la mtu. Mtu aliyejifunza kwa karatasi ngumu bila mlio haoni ajabu kuchapa kwa mlio bila karatasi.

Meindert ndiye jirani yake, ng'ombe sitini na mtaro mmoja unaopita nyuma ya nyumba zote mbili. Mtaro huo Meindert huuacha mpaka matete yawe marefu kuliko ndama. Machi, asubuhi moja, dirisha la Hiltje likiwa wazi, mlio ulivuka ua. Meindert alisimama na ndoo mkononi, akasikiliza. Akaweka ndoo chini. Akaingia bandani, akatoka na reki na ndoano ndefu ya kuvutia matete, akafanya kazi mpaka saa sita, tope hadi kiunoni, bila kuinua kichwa. Alipomaliza alikuja dirishani, akijifuta mikono kwenye suruali.

"Bi Hiltje, samahani. Unamwandikia nani?"

Hiltje alimtazama, akautazama mtaro, akamtazama tena.

"Bado sijaamua," alisema, akaendelea kuchapa.